Mto wa Rangi Mbili

King'ora cha kiwanda cha nguo kilipolia, mji mzima uliamka. Wa zamu ya usiku walirudi wakipiga miayo, wa zamu ya asubuhi wakavuka daraja kwa baiskeli, na Cherehani akaamka akiongea. Ndiyo maana aliitwa Cherehani: mdomo wake ukianza kushona, hausimami mpaka uzi uishe.

"Kunywa chai kwanza, mwanangu. Maneno hayashibishi," mama yake alimwambia.

"Mama, leo nawatembeza wageni. Watoto wa shule ya kule milimani wanakuja kunisikiliza mimi."

"Ulimuuliza shangazi yako habari za kiwanda, kama mwalimu alivyoagiza?"

"Aa, yote nayajua."

Hakuyajua. Kila jioni shangazi aliporudi kutoka chumba cha kutilia nguo rangi, vidole vyake vikiwa vya buluu, Cherehani alikuwa nje akiruka kamba. Huu ni mji wangu, alijiambia, niuulizie nini?

Matembezi yalianza vizuri, wenzake wa darasani wakifuata nyuma. Aliwaonyesha wageni tanuri la matofali, karakana ya wachomeleaji na bohari la pamba. "Humu mna pamba ya kutosha kuufunika mwezi," alisema, na wageni wakacheka. Mwalimu alikuwa nyuma kabisa, akiwahimiza wanaojikokota.

Walipofika darajani, wageni waliinama kutazama chini. Mto ulikuwa na rangi ya udongo kama siku zote, lakini kando ya ukuta wa kiwanda ulipita mstari mpana wa buluu.

"Mbona maji yana rangi mbili?" aliuliza msichana mmoja mgeni, mwenye miwani.

Neno "sijui" lilimfika Cherehani kwenye ncha ya ulimi. Akalionea haya, akalimeza.

"Hiyo ni mito miwili iliyokutana," alisema. "Huo wa buluu unatoka kwenye chemchemi. Ukinawa maji yake, uso unang'aa."

Wageni wakashangaa, na Cherehani akavimba kwa fahari. Alipogeuka, yule mwenye miwani alikuwa ameshashuka ngazi za mtoni, chupa tupu mkononi.

"Nampelekea bibi yangu," alisema. "Macho yanamsumbua. Atanawa haya."

Cherehani angeweza kusema ngazi zinateleza, au maji ni ya baridi mno. Uongo wa pili ulikuwa tayari mdomoni. Lakini akilini alimwona yule bibi asiyemjua, ameinamia beseni, akijinawisha macho yake mabovu. Akashuka mbio, akaishika ile chupa.

"Usimpelekee bibi. Nimetunga. Hakuna chemchemi, na sijui kwa nini maji ni ya buluu."

Mwenzake mmoja wa darasani akasema kutoka juu, "Leo Cherehani imekatika uzi," na daraja zima likacheka. Masikio yalimwaka moto. Mwenye miwani peke yake hakucheka.

"Sasa nani anajua?" aliuliza.

"Shangazi yangu."

Mwalimu alipofika na kuelezwa, hakugomba. "Basi twendeni tukamuulize."

Mlinzi wa lango alimwita shangazi, naye akatoka akijifuta mikono.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea jeshi zima?"

Cherehani alimweleza kila kitu, hata ile chemchemi. Tabasamu la shangazi lilitoweka.

"Buluu mtoni? Haifai kabisa. Maji ya rangi hukaa kwenye mabwawa yetu mpaka yasafishwe. Bila shaka kuna mlango wa bwawa ulioachwa wazi."

Akaenda mbio kumwita msimamizi. Watoto walibana nyuso kwenye uzio, wakawaona watu wawili wakizungusha gurudumu la chuma kwa nguvu zote. Taratibu ule mstari wa buluu ukawa mwembamba, ukawa kama utepe, kisha ukakatika.

Msimamizi alirudi akitokwa jasho. "Tangu asubuhi watu wanavuka daraja lile, mimi nikiwamo. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshauliza. Asante, binti."

Shangazi aliweka mkono begani mwa Cherehani. "Umeona? Kusema 'sijui' kungekutia haya kidogo tu, ikaisha. Uongo wako ungeishia machoni mwa bibi wa watu. Kutojua si kosa, mwanangu. Kosa ni kuziba tundu la kutojua kwa maneno ya kutunga. Uliza. Kuuliza si ujinga, na leo swali lenu limeusafisha mto."

"Na ile pamba ya kuufunika mwezi?" aliuliza mwenye miwani, akijizuia kucheka.

Cherehani alifungua mdomo, akaufunga, akafikiri.

"Hiyo pia sijui. Shangazi, inatosha?"

"Mwezi sina hakika," alisema shangazi. "Ila kuufunika mdomo wako, nadhani ingebidi tuagize nyingine."