Sahihi ya Keshia Tollefsen

Jumamosi ile palikuwa shwari dukani kwa shemeji yangu Verlin Stroud, mfanyabiashara wa noti za kale hapa Tamarack Ford, Minnesota. Tulikuwa tukinywa kahawa alipoingia Bibi Orpha Tollefsen na Biblia yake. Ndani mlikuwa na noti ya benki ya mji wetu, ya enzi zile kila benki ndogo ilipotoa noti zenye jina lake na keshia akazitia sahihi kwa mkono. Keshia huyo alikuwa babu yake. Benki ilipoanguka aliitwa mwizi, akajipiga risasi, noti hiyo ikiwa mbele yake. Doa la hudhurungi liligusa jina lake.

"Siuzi, Verlin. Nipimie thamani tu, kisha naipeleka makumbusho. Jina lake lionekane tena."

"Na doa hili, bibi? Niachie niitakase, ing'ae kama bi harusi."

"Usithubutu! Hilo jina ndilo lililobaki kwake."

"Haya, mama yangu."

Verlin akaandika *Tollefsen* juu ya bahasha ya noti, mkia wa herufi ya mwisho ukipinda kama ndoano, mwandiko wake wa siku zote. Bibi alipotoka, akanikonyeza.

"Akiiona imetakata na bei imepanda, shemeji, ataniuzia mwenyewe."

Simlaumu peke yake. Wengi wa kazi ile huosha noti kwa siri. Akailaza kwenye sinia la maji. Doa likatoka. Sahihi ikalifuata.

Bibi Orpha aliporudi, Verlin akamrudishia noti. Aliitazama nafasi tupu.

"Umemfuta," akanong'ona. "Sasa atachukua jina lako."

Jumatatu, kibao cha duka kilikuwa kitupu. Leseni ya Verlin ya udereva ilikuwa na picha, bila jina. Mchana alibisha nyumbani kwake, nami nipo sebuleni. Dada yangu, mkewe, akafungua.

"Karibu. Unamtafuta nani?"

"Delpha, acha utani."

"Nani kakwambia jina langu?"

Verlin akanigeukia. Akafungua kinywa ajitaje. Jina hakulipata. Akarudi nyuma, akashuka ngazi. Hakuonekana tena.

Dada yangu anaapa hajawahi kuolewa.

Noti iko makumbusho, ndani ya kioo kilichofungwa. Pale palipooshwa pana sahihi tena: *Tollefsen*. Bibi Orpha huja kuitazama, akatabasamu. Mimi hutazama mkia wa herufi ya mwisho.

Umepinda kama ndoano. Na kila asubuhi, wino ni mbichi.