Matumbawe ya Mbao

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nzilani alifagia vipande vya mbao chini ya meza ya babu yake, Mzee Mutinda, mchongaji wa vinyago vya twiga huko Kathiani. Wiki hiyo alifagia mbiombio hadi vumbi likampigisha babu chafya.

"We Nzilani, unafukuzwa?"

"Babu, maonyesho ya mazingira ya shule zote ni keshokutwa!"

Shule ambayo ingeshinda mjini Machakos ingepelekwa pwani kuona hifadhi ya bahari, na Nzilani hakuwahi kuiona bahari hata siku moja. Yeye na rafiki yake Kitonga walikuwa wametengeneza mfano wa hifadhi hiyo ndani ya karai kuukuu lililopakwa rangi ya buluu. Katikati waliweka tumbawe halisi, jeupe, lenye matawi. Mjomba Muema, dereva wa lori, ndiye aliyewaletea kutoka pwani. Loo! Darasa zima lilisukumana kulitazama.

Siku hiyo Kitonga alifanya mazoezi ya hotuba. "Matumbawe si mawe. Hujengwa na viumbe hai wadogo, na samaki hujificha humo. Maadui wao ni taka, nyavu haramu na watu wanaoyang'oa ili wayauze."

Nzilani alishtuka. Je, hili letu?

Jioni alimkuta mjomba akinywa chai nyumbani. "Mjomba, lile tumbawe lilitoka wapi?"

"Kijana mmoja aliniuzia. Alilitoa mle mle ndani ya hifadhi, ndiyo maana ni zuri. Lakini hayo usiyaseme huko, sawa mama?"

Usiku huo Nzilani aliwaza. Akisema, safari ya pwani huenda ikapotea. Akinyamaza, atawadanganya watu mchana kweupe.

Kesho yake alimweleza Mwalimu Reuben kila kitu.

"Umetumaliza!" Kitonga alilia. "Tupeleke karai tupu?"

"Amesema kweli," mwalimu alijibu. "Tumbawe nitalikabidhi kwa ofisi ya wanyamapori. Nyinyi tafuteni njia nyingine, na haraka!"

Nzilani alimshika Kitonga mkono, wakatimua mbio hadi kwa babu.

"Babu, tuchongee matumbawe! Na samaki!"

"Mimi? Bahari yenyewe siijui!" Lakini tezo ilikuwa tayari mkononi. Mizizi mikavu ikageuka matumbawe. Kitonga alipiga msasa, Nzilani akapaka rangi, wote wakicheka.

"Babu, samaki hana shingo!"

"Mkono umezoea twiga, mjukuu wangu."

Siku ya maonyesho, mwamuzi, Bi. Mumbua, aliyewahi kufanya kazi katika hifadhi za bahari, aliinama juu ya karai. "Kwa nini mbao?"

Nzilani alieleza jinsi tumbawe halisi lilivyong'olewa hifadhini. Hakumtaja mtu. Nyuma yake sauti ikasema, "Mimi ndiye niliyelinunua." Alikuwa Mjomba Muema, aliyekuja kutazama maonyesho, kofia mkononi.

"Asante kwa kusema," Bi. Mumbua alisema. "Watoto, sheria ipo na walinzi wapo, lakini mng'oaji haachi maadamu wanunuzi wapo. Mtu wa Kathiani anayekataa kununua anailinda bahari, hata kama hajawahi kuiona. Na anayesema ukweli unapomgharimu, huyo ndiye mlinzi ninayemtaka."

Shule yao ilipotangazwa mshindi, Kitonga alimrukia Nzilani, karibu waangushe karai!

Jioni babu aliposikia habari hizo alipiga makofi, kisha akamkabidhi Nzilani samaki mmoja, shingo ndefu ajabu.

"Nenda naye pwani," alisema. "Waangalie wenzake vizuri majini, bila kuwagusa, halafu urudi unieleze nilikosea wapi."