Nyota Iliyopotea Jumanne

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Naapa kwa masharubu yangu. Najua hapa mjini kwetu, mkoani Kochi, wapo wanaosema kwamba hata salamu yangu mimi, Mzee Toyojiro, imetiwa chumvi, eti kwa sababu niliwahi kueleza jinsi nyota yenye mkia ilivyopita chini ikaniunguza kofia. Waacheni. Hii ya leo ina mashahidi.

Misuzu alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila Jumatano aliamka saa tisa alfajiri, akavaa koti la baba yake na kupanda kwenye paa la ghala la samaki, palipofungwa darubini ya chama chetu cha watazama nyota. Mama yake alimsubiri chini na chupa ya chai. Kazi yetu ni kupekua anga kabla hakujakucha, kutafuta nyota zenye mkia na nyota mpya, zile zinazolipuka na kung'aa ghafla mahali palipoonekana patupu. Ukimaliza unaandika daftarini: siku, saa, sehemu ya anga, ulichokiona. Jumatano ilikuwa zamu ya Misuzu. Jumanne ilikuwa yangu.

Jumatano moja ya mwezi wa Mei alikuta nyota ya ziada kwenye kundi la Tai. Aliitafuta kwenye ramani, hakuipata. Akafungua daftari. Jana yake palikuwa pameandikwa: "Tai. Anga safi. Hakuna kipya. Toyojiro."

Basi nyota imezaliwa usiku huu, akawaza, akashuka ngazi mbili mbili. Katibu wetu, Bi Okabayashi, alipiga simu kituo kikuu cha wanaastronomia kabla hajanywa chai.

Jibu lilikuja saa nne asubuhi, likatuvuruga wote. Mpiga picha wa mkoa mwingine alikuwa ameipiga picha nyota hiyohiyo Jumatatu, ikiwa na mwanga uleule.

"Jumatatu ipo, Jumanne haipo, Jumatano ipo," Bi Okabayashi alisema, mkono kwenye simu. "Wanasema daftari letu linajipinga. Tusipolieleza kabla ya saa kumi jioni, taarifa ya Misuzu wataitupa."

Kenkichi, binamu yake Misuzu, alicheka. "Labda Jumanne nyota ilienda chooni."

"Nyamaza wewe," Misuzu alimwambia.

"Au uliona mdudu kwenye kioo."

Misuzu aliikwapua ramani. Alirudi paani, akakagua kioo, akageuza ramani juu chini. Alishuka na kuchora upya kutoka kichwani alichokiona usiku, na mchoro ukatoka vilevile. Akaanza kujiuliza kama kweli aliona alichokiona. Mchana alikuja kwangu, uso umemnywea.

"Babu, nyota inaweza kuzimika siku moja halafu ikawaka tena?"

"Zipo," nikasema. "Niliiona moja iliyokonyeza wiki nzima, nami nikaikonyeza."

"Sasa niandike kwamba nilikosea? Daftari ni la wakubwa. Labda macho yangu ndiyo mabaya."

Alikuwa ameshika kifutio juu ya karatasi yake. Nilikohoa.

"Au nikueleze ilivyokuwa Jumanne," nikasema haraka. "Anga lilikuwa safi kama bakuli lililolambwa. Mwezi umekaa juu ya bomba la kiwanda, mwekundu."

Misuzu aliweka kifutio chini. Akakunja uso, akahesabu kwa vidole.

"Jumanne hiyohiyo? Saa tisa?"

"Hiyohiyo."

"Lakini Babu, Jumanne saa tisa mama aliniamsha tukaanue samaki. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulilowa hadi kwenye soksi."

Nilitazama dirisha. Halikunisaidia kitu.

"Ulipanda paani, Babu?"

"Nilivaa viatu," nikasema. "Kisha nikakaa kidogo nivifunge."

"Ukalala."

"Nikalala. Nilipoamka nikaandika kama ninavyoandika siku zote. Kwani kulikuwa na kipya kila wiki?"

Nilidhani ataniangushia kilio. Alikusanya karatasi zake, akanishika mkono wa koti, tukatembea hadi kwa Bi Okabayashi. Simu nilipiga mwenyewe. Nilimwambia kijana wa kituoni maneno ambayo hayajawahi kutoka kinywani mwangu: "Sikutazama. Nililala." Nikayarudia, maana laini ilikuwa mbovu. Taarifa ya Misuzu ilipokelewa saa tisa na nusu, jina lake likawa la tatu kati ya walioiona mwanzo.

Bi Okabayashi aliniwekea chai bila kunitazama.

"Misuzu," alisema, "asiyetazama aandike hakutazama. Pengo halimdhuru mtu. Lakini 'hakuna' ya uongo ilikaribia kumfanya mtoto mkweli afute alichokiona kwa macho yake. Ukiwa na uhakika na kazi yako, usiifute kwa sababu mkubwa kaandika vingine. Uliza."

Kisha akaniletea madaftari ya miaka minane na kalamu nyekundu. Ndivyo adhabu ya chama chetu ilivyo: aliyeharibu ndiye anayesahihisha, mbele ya aliyemkosea. Sasa ni wiki ya pili. Misuzu anasoma tarehe, mimi nachora mistari.

"Machi kumi na mbili?"

"Nililala."

"Machi kumi na tisa?"

"Hiyo nilipanda, nikakuta kuna..."

"Babu."

"Nililala."