Paja la Mwenyekiti

Ghala la vyondo, vikapu vya mkonge vya wanawake wa Nunguni, liliungua Jumatatu alfajiri. Kufikia saa mbili asubuhi, mhalifu alikuwa ameshapatikana, amepigwa na kuketishwa kwenye matope. Polisi tu ndio walikuwa hawajafika.

"Naona mmeanza kazi bila mimi," alisema Inspekta Wayua akishuka garini na konstebo wake.

Aliyeketishwa ni Liban, mwenye lori linalobeba vyondo hadi Nairobi, kwa wanunuzi wanaoviuza ng'ambo kwa nembo ya biashara ya haki. Mdomo wake umevimba. Watu walikuwa wanabishana tu kama wachome lori kwanza au mwenyewe.

"Mtungi wake wa mafuta taa tumeupata mlangoni," alisema Kanini, mwenyekiti wa kikundi. "Na jana alitutukana kwa sababu ya nauli. Unataka ushahidi gani tena, afande? Akuimbie?"

"Mtungi ni wangu," alisema Liban. "Jana jioni niliuacha kwenye lori nikaenda kuswali. Kurudi, haupo."

"Mwongo huyu," mtu alisema, na kofi likasikika.

"Wa pili atakayempiga nitaondoka naye," alisema Wayua, akaingia eneo la tukio.

Mkonge ukiungua huacha majivu mepesi, ukipumua tu yanapaa. Lakini buti la Wayua lilikanyaga kitu kigumu. Akainama. Madonge meusi, yameganda kama ukoko. Akavunja moja, akanusa.

Nailoni.

"Mnafuma kwa uzi gani hapa?" aliuliza alipotoka.

"Mkonge," alijibu Mbithe, mfumaji mzee, kwa dharau. "Tunausokota wenyewe. Nailoni ni ya kufungia mbuzi."

"Hakuna hata chondo kimoja cha nailoni?"

"Wanunuzi wangetufukuza. Kesho mkaguzi wao anakuja, na yeye huchoma uzi aone kama ni mkonge kweli."

Wayua akamgeukia Liban. "Ushawahi kuleta mzigo huku kutoka Nairobi?"

"Magunia ya mwenyekiti. Yameshonwa. Aliniambia ni mitumba."

"Sasa tunamsikiliza mchunga ngamia?" alisema Kanini. "Mimi nafuma kama wenzangu. Tena mwezi uliopita hakuna aliyeleta vyondo vingi kunishinda."

Wayua alitabasamu, na halikuwa tabasamu zuri. Akaamuru wanaume wote wageukie ukuta, pamoja na konstebo wake, akabaki na wanawake wenzake.

"Akina mama, pandisheni leso. Paja la kulia."

"Sisi ni watu wa kanisa," mmoja alilalamika.

"Mungu ameshaliona hilo paja. Ni zamu yangu."

Paja la msokotaji halijui kuficha. Ukisugua uzi hapo na majivu miaka nenda miaka rudi, vinyweleo huisha, ngozi ikawa ngumu, inang'aa kama mpini wa jembe. Mapaja yote aliyoyakagua yalikuwa hivyo. Kanini alikuwa ameng'ang'ania leso kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti."

"Mimi nina cheo."

"Na paja lina cheo?" aliuliza Mbithe, akaivuta leso mwenyewe.

Paja laini, la kupakwa losheni na kupumzishwa, vinyweleo vyote vipo.

"Vyondo vingi hivyo," alisema Wayua, "ulivisokotea wapi? Kwenye shavu?"

Kanini aliwatazama wenzake kwa chuki.

"Wanawake wa Kanyangi waliahidi wanunuzi vyondo mara mbili ya vyetu. Kazi yote ilikuwa inahamia Kitui. Na nyinyi mnafuma kama mnangoja kuzikwa. Nikanunua vya nailoni vya kiwandani, nikavitia nembo yetu. Niliposikia mkaguzi anakuja, nikachoma."

"Na vya kwetu?" aliuliza Mbithe. "Jasho letu lote hilo?"

"Vilikuwa vimechanganyika. Afadhali majivu kuliko Kanyangi wanicheke."

"Na huyu Liban alikukosea nini?" aliuliza Wayua.

"Hakunikosea. Niliweka tu mtungi wake mlangoni. Hata sikuwa wa kwanza kumtaja. Mlimtaja nyinyi, na jua halijachomoza."

Pingu zilifungwa.

Mbithe alimnyooshea Liban mkono amwinue. Liban aliutazama ule mkono, akainuka mwenyewe, akapanda lori na kuliwasha.

"Mzigo wenu ujao," alisema dirishani, "tafuteni wa kwenu aubebe."