Weka Ndoo Chini, Wagiman!

Agosti ikiingia, uchochoro wa Kenanga hauna mtu wa kukaa bure. Wanaume wanapaka uzio rangi nyekundu na nyeupe. Watoto wanafunga vibendera kutoka paa hadi paa. Wanawake wanabishana nani atapika nini Siku ya Uhuru, na nani mwaka jana alitia chumvi kama mtu mwenye kinyongo.

Sulastri hakuwa na nafasi ya kubishana. Yeye anakaanga chipsi za tempe, vile vipande vyembamba vya soya ambavyo kila duka la Malang linavitaka mwezi huo. Karai lake halikupoa toka asubuhi hadi alasiri.

Na moshi wa karai hilo ndio ulioleta vita. Nyuma ya ukuta wake anakaa Yu Tumini, yaani Dada Tumini, mama anayefua nguo za watu. Moshi wa mafuta ulipanda, ukavuka ukuta, ukatua juu ya mashuka meupe ya wateja.

"Sulastri!" Yu Tumini alipiga kelele siku moja. "Wateja wangu wanataka shuka, hawataki kujifunika tempe!"

"Basi gombana na upepo, Yu! Kwani mimi ndiye niliyeutuma?"

Tangu siku hiyo, salamu ikakatika. Wakikutana kwa muuza mboga, huyu anatazama bilinganya, yule anatazama mchicha. Mbah Kasiyem, mama mkwe wa Sulastri, alichoka nao.

"Mna ukuta mmoja na vichwa viwili vya jiwe," alisema bibi huyo. "Iko siku mtahitajiana."

Siku yenyewe haikuchelewa.

Jumamosi asubuhi, Sulastri alitoka mlangoni kumpokea mteja. Aliacha karai jikoni, moto ukiwa mkali. Nitarudi sasa hivi, alijiambia. Maneno mawili yakawa kumi, na kumi yakawa umbea. Nyuma yake mafuta yalianza kutoa moshi. Kisha yakashika moto.

"Moto! Moto jamani!" Mbah alipiga yowe.

Sulastri alikimbia ndani. Miali ilikuwa inaramba karibu na dari ya mianzi. Nje, mtu akaanza kugonga kigogo cha kupigia mbiu ya hatari, kinachoning'inia nyumbani kwa mwenyekiti wa uchochoro. Ko-ko-ko-ko! Uchochoro mzima ukasikia.

Wagiman, mume wa Sulastri, alichomoka bafuni. Kiunoni ana saruni, kichwani povu la sabuni, mkononi ndoo imejaa maji pomoni. Alikuja mbio moja kwa moja kwenye karai.

"Weka ndoo chini, Wagiman!"

Sauti ilitoka mlango wa nyuma. Alikuwa Yu Tumini. Ameshika taulo zito alilolitoa kwenye beseni lake la kufulia, analikamua huku anakuja.

"Nipishe, Yu! Nyumba inaungua!"

"Ukimwaga hayo maji utatuchoma wote! Chini, nimesema!"

Akamzuia kwa bega. Wagiman aliyumba, ndoo ikamponyoka, maji yakamwagika miguuni pake. Yu Tumini hakumtazama. Alishika taulo kwa pembe mbili na kuvificha viganja nyuma ya taulo hilo. Akalilaza juu ya karai polepole, akianzia upande wake kwenda mbele, mpaka lote likafunikwa.

"Sulastri, gesi!"

Mtungi ulikuwa kando ya mlango. Sulastri alikurupuka, akaufunga. Miali ikatoweka.

"Mtu asifunue," alisema Yu Tumini. "Hata kuchungulia marufuku. Mafuta bado yana moto, na yakipata hewa yatawaka tena. Yaacheni yapoe yenyewe. Karai lisisogezwe."

Hapo ndipo Sulastri alipouona mkono wa Yu Tumini. Kifundo kilikuwa chekundu, kimeungua. Yu Tumini alikiweka chini ya bomba, maji yakitiririka juu yake, akakaa hapo muda mrefu. Kisha akaaga.

"Taulo lilikuwa la mteja," alisema akiwa mlangoni. "Nitamwambia limekufa vitani."

Akaondoka. Sulastri alifungua kinywa kusema asante, lakini kinywa kilichozoea kununa hakina wepesi. Asante ikabaki kooni.

Sasa sikiliza maajabu ya watu. Waliokuja mbio waliona nini? Walimwona Wagiman kwenye mlango wa mbele, amelowa, na ile ndoo tupu ameiokota, iko mkononi. Yu Tumini alipita nyuma. Basi kabla ya adhuhuri, habari ilikwisha kupikwa ikaiva: Wagiman kauzima moto kwa ndoo moja!

"Dume la mbegu!" walimpigia kelele. "Na povu kichwani!"

Wagiman alicheka. Hakukubali, hakukataa. Sifa tamu, jamani.

Jioni yake mwenyekiti wa uchochoro, Pak Mardiyo, alikuja uso unang'aa.

"Wagiman, tumeamua! Kila mwaka ncha ya tumpeng tunampa mgeni mwenye cheo. Mwaka huu tunampa shujaa wetu wenyewe. Wewe!"

Kule kwao, tumpeng ni mlima wa wali wa manjano, na sherehe haianzi mpaka ncha yake ikatwe. Apewaye ncha hiyo ndiye mtu wa kuheshimiwa kuliko wote siku hiyo. Wagiman alimeza mate. Alimtazama mkewe. Mkewe akatazama sakafu.

Kesho yake Sulastri alipeleka chipsi kwa majirani. Nyumba ya kwanza, kando ya jiko kuna ndoo ya maji. Nyumba ya pili, ndoo. Ya tatu, ndoo mbili.

"Tumejifunza kwa mumeo!" walimwambia kwa furaha. "Moto ukizuka tu, tunamwaga maji, pwaa!"

Alirudi nyumbani anakimbia.

"Mas!" alimwita mumewe. "Unajua umefanya nini? Uchochoro mzima umeweka ndoo jikoni! Mtu akiungua, itakuwa ni kwa uongo wetu!"

"Mimi sijadanganya. Nimenyamaza tu."

"Kunyamaza kwako ndiko kulikozijaza hizo ndoo!"

Mbah Kasiyem aliweka kisu chake cha vitunguu chini. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema. "Na wewe Sulastri, usimgombeze mwenzio tu. Asante yako iko wapi?"

Sulastri alifunga kitambaa kichwani, akatoka, akazunguka ukuta. Ukuta mfupi, lakini siku hiyo aliuona mrefu! Yu Tumini alikuwa anaanika kwa mkono mmoja. Mwingine umefungwa bandeji safi ya zahanati.

"Yu," alisema Sulastri. Machozi yakamtoka hapohapo. "Umeniokolea nyumba na mama mkwe, na mimi sijakuambia hata asante. Nisamehe. Na mashuka, nisamehe pia."

Yu Tumini aliendelea kubana nguo kwa vibanio. Kisha naye macho yakamlowa.

"Mdogo wangu Wariyem," alisema, "mafuta yalishika moto kama yako. Mimi ndiye niliyemwaga maji. Nilidhani namsaidia. Maji yanazama chini ya mafuta, Sulastri. Yanageuka mvuke kufumba na kufumbua, na mvuke unayarusha mafuta juu, yanawaka. Yalimpata shingoni na mikononi. Yuko hai, namshukuru Mungu. Lakini nikiona mtu na ndoo mbele ya karai, naona siku ile."

Sulastri alimshika mkono ule mzima.

"Njoo uchukue ncha ya tumpeng, Yu. Ni yako."

"Weee! Nisimamishwe mbele za watu kama mbuzi wa mnada? Sitaki."

"Basi sitakulazimisha. Lakini nyumba zote zina ndoo kando ya jiko, Yu. Wanadhani maji ndiyo yaliyozima."

Yu Tumini aliacha vibanio. "Wanadhani nini?" Akasimama wima. "Lahaula! Nitakuja. Lakini sitaki hotuba ya sifa. Nataka karai, taulo, na mtu wa zimamoto asimame pembeni. Watu waone kwa macho yao."

Siku ya Uhuru, bendera ilipandishwa, wimbo ukaimbwa. Tumpeng ililetwa, na Sulastri ndiye aliyeipika. Pak Mardiyo akakata ncha, akaiweka kwenye sahani juu ya jani la mgomba.

"Shujaa wetu, Wagiman!"

Makofi! Wagiman alisimama. Jasho lilimtoka kuliko siku ya moto wenyewe.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi sikuzima moto. Mimi nilikuja kuichoma nyumba yangu kwa ndoo."

Watu walicheka, wakidhani utani.

"Kweli nawaambia! Yu Tumini alinizuia kwa bega. Akafunika karai kwa taulo bichi lililokamuliwa, mke wangu akafunga gesi. Hayo ndiyo yaliyouzima. Mimi nilikula sifa zisizo zangu, na nyie mkajaza ndoo. Ziondoeni jikoni, nawaomba."

Kicheko kilikatika. Akachukua sahani kwa mikono miwili, akaipeleka kwa Yu Tumini. Watu wote wakasimama. Yu Tumini, mwenye mdomo mkali kuliko wote uchochoroni, aliipokea sahani. Alilia na kucheka kwa pamoja. Kisha akafuta uso.

"Basi, inatosha. Nipeni karai!"

Mtu wa zimamoto, aliyeitwa na Sulastri, aliwasha mafuta uwanjani, watu wakiwa mbali. Yu Tumini alieleza kila hatua kwa sauti. Funga gesi, kama unaifikia salama. Kamua taulo lisidondoshe maji. Ficha viganja. Funika, usichungulie. Na mtu wa zimamoto akaongeza: moto ukishapanda ukutani, acha kila kitu, toa watu, piga simu.

Halafu yakaja mashindano ya kufunika karai baridi. Yalipendwa kuliko kukwea mti uliopakwa mafuta! Taulo likidondosha tone, umetoka. Mbah Kasiyem alishinda. Wagiman alitolewa mara mbili: kwanza taulo lilidondosha, kisha akachungulia.

"Huyo!" Yu Tumini alimpigia kelele. "Ungekuwa moto wa kweli, angekuwa na nyusi sasa hivi?"

Jioni hiyo kila jiko la Kenanga lilipata msumari ukutani na taulo la pamba juu yake. Sulastri naye alihamishia jiko lake upande wa mbele, mbali na kamba za nguo. Na akiwasha, haondoki, hata mteja aje na umbea wa moto kiasi gani.

Mvua zilipoanza, Wagiman alikwenda harusini kijijini kwa binamu yake. Adhuhuri simu ya Yu Tumini ililia.

"Yu!" Wagiman alikuwa anahema. "Karai la harusi limewaka! Kijana alikuja na ndoo, nikamwambia weka chini! Nimefunika, Yu! Moto umezimika! Hakuna aliyeungua hata ukucha!"

"Gesi ulifunga?"

"Nilifunga kwanza."

"Taulo lilidondosha?"

"Hata tone."

"Na hukuchungulia?"

Wagiman alikohoa kwanza.

"Nilitamani, Yu. Wallahi nilitamani. Sikuchungulia."

Yu Tumini alikaa kwenye beseni lake lililopinduliwa. Upande wa pili wa ukuta, Sulastri alikuwa amesimama anasikiliza, mkono kifuani.

"Sulastri!" aliita Yu Tumini kwa nguvu zake zote. "Anza kutafuta mchele mzuri! Mwaka ujao ncha ni ya mumeo, na safari hii ni yake kweli!"