Volti Kumi na Tisa

Kila asubuhi kabla ya shule, Waridi alipanda ngazi hadi juu ya bati la zahanati, mtaa wa Bwiza, kupangusa paneli ya jua. Kazi hiyo alipewa na baba yake, fundi Amissi. Vita vilikuwa vimeangusha nguzo za umeme, na friji ya chanjo ilitegemea paneli hiyo tu.

Juma hilo friji ilianza kuzimika. Amissi alibadili waya, akasugua vichwa vya betri, akailaani kutu, na betri bado ilikuwa hoi. Jumamosi adhuhuri alifungua waya za paneli, akamwita binti yake apime.

"Soma tena."

"Papa, nimesoma mara tatu! Volti kumi na tisa. Paneli iko muzima!" Waridi alikuwa amechoshwa kabisa.

"Volti inasukuma tu. Tupime umeme unaopita." Amissi akageuza kipimo kwenye ampea. Mshale ukajikongoja, ukakwama chini ya nusu ampea. "Jua kali hivi, ingefika tatu! Umepangusa paneli?"

"Nimepangusa," alijibu Waridi, akitazama pembeni.

"Basi imekufa, na sina ingine!"

Muuguzi Dorothée alisimama mlangoni, uso umemkunjamana. "Amissi, barafu inayeyuka. Barabara imefungwa. Chanjo hizi zikiharibika, apana zingine."

Nyuma yake, kwenye foleni, jirani yao Sikuzani alikuwa akibembeleza kichanga chake. Waridi alimtazama, akashindwa kuvumilia.

"Papa, ni mi. Juma lote naanika ndagala za bibi pale juu ya paneli. Paka hafiki."

Amissi akashika kichwa. "Ndagala! Siku sita nagombana na waya, kumbe nagombana na ndagala!"

Waridi alipanda mbio, akazoa samaki hao wadogo, akasugua kioo kwa sabuni mpaka mafuta yakatoka. Chini, mshale ukapanda hadi tatu. Amissi akaunga waya, na baada ya muda friji ikaanza kunguruma. Dorothée akaita mtoto wa kwanza.

"Mwanangu," alisema Amissi, hasira haijamwisha, "kukosea si ajabu. Lakini fundi anafuata anachoambiwa na vipimo, na neno lako lilikuwa kipimo kibovu kuliko vyote, maana nililiamini. Ukikosea, sema mapema, kabla wengine hawajaumia."

"Kesho utapanda na mimi, uhakikishe?" Waridi aliuliza, macho chini.

"Apana. Utapanda peke yako. Ukishuka, nitakuuliza."