Zamu ya Bi Mkubwa

Haya yalitokea nyumbani kwa mama yangu mdogo, na mimi nilikuwepo. Mama mdogo yu hai na akili zake timamu. Mwenye shaka akamuulize. Mumewe, baba mdogo, pia yu hai, ila huyo msimsumbue.

Walikuwa na farasi sita wa kukodisha, wa maharusi na wapiga picha. Mwaka ule wa ukame watu walikuwa hawaoi, wala hakuna aliyetaka kupigwa picha na vumbi, nami nilikwenda kuwasaidia kuwatunza. Asubuhi tulizoa samadi na kukwangua kwato, kisha tukawapangusa macho kwa kitambaa chenye unyevu. Majani yalikuwa yamekwisha, tukawa tunawakatia mabua. Saa saba mchana ndiyo maji.

Maji yalikaa kwenye pipa lenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa baba mdogo. Lori la maji lilikuja mara moja kwa wiki, likipenda. Ndani ya hori, lile birika refu la saruji wanaponywea, alikuwa amechora mistari kwa msumari, kila mstari fungu la farasi mmoja. Alikuwa mtu wa vipimo. Hata chumvi alikuwa akiisimamia.

Farasi nao wana adabu zao. Wa kwanza kunywa alikuwa jike mmoja mweupe, mzee, tuliyemwita Bi Mkubwa kwa kuwa alikuwepo pale kabla mama mdogo hajaolewa.

"Mimi ni mke wa pili humu," mama mdogo alipenda kututania. "Mwenzangu ana mkia."

Bi Mkubwa akinywa, wenzake walisimama hatua nne nyuma wakingoja. Akiinua kichwa, nao wanasogea mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Kinda, dume la miaka miwili, miguu mirefu na akili bado. Mimi nilimpenda Kinda kuliko wote, sifichi.

Jumatano moja tuliamka Bi Mkubwa hayupo. Baba mdogo alisema ameumwa tumbo usiku, amemswaga alfajiri hadi kwa daktari wa mifugo mjini. Jumapili jioni akatuambia amefia hukohuko. Mama mdogo alilia kama aliyefiwa na ndugu. Mumewe alichukua msumari, akaukwangua mstari wa juu kabisa hadi ukafutika.

Jumatatu nikamimina maji ya farasi watano. Nilipokuwa namimina nilisikia ng'ambo ya ua sauti ya kukwaruza, kwaru, kwaru. Sikushangaa, maana upande ule anaishi fundi wa matofali, na sauti ile ya koleo lake nilikuwa nimeizoea tangu wiki iliyopita. Farasi walikuja mbio. Halafu wakasimama, hatua nne nyuma.

Mbavu zao zilikuwa zinahesabika kwa kiu, lakini walisimama. Nikadhani ni mazoea tu. Baada ya muda walisogea wote kwa pamoja, kama walioruhusiwa. Walikunywa wanne. Kinda alipofika alilamba saruji.

"Umewapunja," baba mdogo aliniambia.

"Nimemimina mpaka mstari wa tano. Ulikuwa unaniangalia."

"Basi kuna mtu anakunywa."

Kuanzia hapo nyumba ikageuka kituo cha polisi. Alilikagua hori kwa vidole akitafuta ufa, akaliziba upya kwa saruji. Alibadilisha kufuli. Alininusa mikono. Alimuuliza mkewe kwa nini leo nguo zake ni safi. Jumanne na Jumatano mambo yakawa yaleyale: tunamimina, kunakwaruza, wanangoja, fungu moja halipo. Kila siku aliyekosa ni Kinda. Nilimpa maji yangu ya kuoga, kikombe na nusu, akayamaliza akaendelea kulilamba kopo.

Alhamisi dereva wa lori alituma ujumbe kwamba hatakuja hadi wiki ijayo. Siku hiyohiyo Kinda alikunja magoti akalala, ikabidi tumwinue watatu. Kwa hali ile asingefika wiki ijayo.

"Ni yule jirani," baba mdogo alisema. "Matofali hayafyatuliwi kwa mate."

Tukaenda kwake sote watatu. Fundi wa matofali alitupokea mlangoni, akamsikiliza baba mdogo akimaliza matusi yote, kisha akatuonyesha tanuru lake. Limejaa utando wa buibui. Koleo limelala chini, mpini umeliwa na mchwa.

"Sijafyatua tofali mwezi wa pili huu," alisema. "Udongo ningeuloweka kwa nini?"

"Lakini tunakusikia," nikamwambia. "Kila saa saba. Unakwaruza."

Alinitazama, akamtazama baba mdogo, akashusha sauti.

"Yule alikuwa farasi wenu. Si mlimfunga kule machimboni, ninakochimbia udongo? Nilimuuliza huyu bwana, akaniambia ana ugonjwa wa kuambukiza, nisimsogelee. Alikuwa akisikia mnamimina maji anakwaruza ardhi kwa kwato. Siku nne. Jumapili akanyamaza, huyu akaja akamfukia."

Mimi nilikuwa nahesabu. Jumapili alinyamaza. Na mchana ule, Alhamisi, nilikuwa nimemsikia.

Ijumaa saa saba baba mdogo alikaa mwenyewe kando ya hori na fimbo mapajani. Jua lilikuwa utosini, hakuna kivuli cha kumficha mtu wala paka. Niliwafungulia farasi. Nikamimina.

Kwaru.

Safari hii haikutoka machimboni. Ilitoka ndani ya ua.

Farasi wakasimama. Masikio mbele. Kwaru, kwaru. Karibu na banda. Karibu na pipa. Vumbi halikutimka. Kisha kimya.

Maji yakatetemeka.

Yalianza kushuka. Taratibu, kwa mafunda. Mstari wa tano ukabaki juu, umelowa.

"Muombe radhi," mama mdogo alinong'ona.

"Nani?"

"Unamjua."

Baba mdogo hakuomba. Alitupa fimbo, akatumbukiza mkono wa kulia hadi kiwikoni, kama anayetaka kuziba tundu. Akapiga ukelele mfupi, akauchomoa. Sote tuliuona. Shati lilikuwa linachuruzika hadi kwenye kiwiko. Mkono ulikuwa mkavu.

"Maji yalikuwa ya watano," alisema. "Mzee ni yeye. Nani mwingine ningemwacha?"

Mama mdogo aliingia jikoni, akatoka na ndoo yetu ya maji ya kunywa, yote. Akaimwaga kwenye hori mpaka pale ulipokuwa mstari wa sita, uliofutwa.

"Tangulia, Bi Mkubwa," alisema. "Leo sisi ndio tutakaokosa."

Yakashuka fungu moja, yakatulia. Farasi wakasogea. Kinda alikunywa wa mwisho, na safari hii alikunywa. Nililia bila aibu. Kwa siku tano tulimimina mafungu sita, sisi tukinyonya vitambaa vilivyolowa, hadi lori lilipofika. Hakufa farasi hata mmoja.

Mvua zilirudi na Kinda sasa anabeba maharusi. Lakini mkono wa baba mdogo haujalowa tena tangu siku ile. Nimeumwagia maji mwenyewe kwa kopo. Yanateleza yanaanguka chini, ngozi inabaki na vumbi lake. Yeye anasema ni uzee. Wa kushoto hauna uzee huo.

Mwezi uliopita nilikwenda kuwasalimia. Ilikuwa mchana, baba mdogo amelala kwenye kiti sebuleni. Nilijimiminia maji glasi moja, na nyuma yangu nikasikia kwaru, kwaru. Macho yake yalikuwa yamefumba. Vidole vya mkono mkavu vilikuwa vinakwaruza mbao za kiti, na mbao zenyewe zimelika, zimefanya mfereji.

Mama mdogo aliichukua ile glasi mkononi mwangu, akaiweka dirishani, akanivuta nyuma. Hatua nne. Tukasimama tukingoja.

Vidole vilipotulia, aliniletea glasi akaniambia sasa naweza kunywa. Ilikuwa imebaki nusu. Nilimwambia kiu imenitoka.